Fundi aliyeikataa simu, akaikosa sauti ya dada yake

Saa nne asubuhi, sebuleni kwa dada yake, fundi wa kurekodi sauti anachomeka kwenye kompyuta kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni. Dada mtu anagonga meza. Mstari wa kijani unaruka kwenye skrini.

"Kimeitika," anasema fundi. "Kile cha kwanza kilininunia."

Wateja humwita Masikio. Huzunguka na begi moja mgongoni, akirekodi kwaya, mahubiri na hadithi za wazee majumbani mwao. Kompyuta yake kuukuu inatumia Linux, mfumo usiolipiwa, maana ule wa kulipia ulikuwa unaielemea.

Kisanduku ndicho kinachopokea sauti ya maikrofoni na kuiingiza kwenye kompyuta. Mwaka juzi alinunua kikubwa, kwa mapato ya miezi miwili.

"Muuzaji aliniuliza, 'Kaka, kompyuta yako inatumia mfumo gani?' Nikamjibu, kompyuta ni kompyuta. Mimi nilishapenda taa zake."

Wiki hiyo dada yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa akisubiri upasuaji wa saratani ya koo ambao ungeondoka na sauti yake. Alitaka kuwaachia wajukuu hadithi zake. Fundi akaenda kumrekodi. Kisanduku kikawaka taa zote, lakini kompyuta haikukiona. Kilitaka programu yake maalumu, na ya Linux haikuwepo.

"Dada akacheka. 'Mdogo wangu, hicho ni chombo au harusi? Lete simu nianze.' Nikamwambia, sauti yako si ya kurekodiwa kwa simu. Nitarudi keshokutwa na kingine."

Kesho yake hospitali ikapata nafasi, ikamwita.

"Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu wenyewe wananiuliza, 'Babu, bibi alikuwa anaongeaje?'"

Kisanduku cha sasa alikichagua kwa kwenda dukani na kompyuta yake na kukijaribu papo hapo. Kina matundu mawili ya maikrofoni, hakidai programu, na hupata umeme kwa waya uleule wa kompyuta.

Tangu mwezi uliopita dada anajifunza kusema upya kwa kifaa cha kutoa sauti anachokigusisha shingoni. Bado hakijatoa neno linaloeleweka. Kila Jumamosi fundi huja, hutega maikrofoni, husubiri.

Leo, kabla hajaanza, dada anaitazama simu ya mdogo wake mezani, kisha anamkonyeza.

"Nayo nimeiwasha, dada," anasema fundi. "Anza. Hata likitoka tusi, nalichukua."