Mistari ya Aletta

Katika barua arobaini na moja za Daktari Izak Terblanche, mke wake hatajwi hata mara moja. Farasi ametajwa, tena kwa jina. Hakimu ametajwa, na supu ya mke wa hakimu. Aletta hayumo.

Lakini alikuwapo, kwenye karatasi zilezile. Mwaka 1868 stempu ilikuwa ghali, hivyo mmoja akishajaza ukurasa, mwenzake aliugeuza ubavu na kuandika juu yake, mistari ikikatana kama nyuzi za wavu. Izak alijaza kwanza. Mkewe alipewa nafasi ya kuandika juu ya majivuno yake.

Huko Paarl, nyumbani kwa baba yake daktari, barua zilisomwa Jumapili baada ya ibada, kahawa ikiwa mezani. Msomaji alikuwa mzee Terblanche, aliyeuza nusu ya shamba la mizabibu ili mwanawe akasomee udaktari Uholanzi. Alisoma kama anayehubiri.

"'Tangu nifike Doringkloof, hakuna ugonjwa unaothubutu kukaa hapa. Nimeandika hivyo gazetini.' Mnasikia? Hauthubutu!"

"Na Aletta anasemaje, Baba?" aliuliza Hester, dada wa daktari. "Igeuze."

"Nigeuze nini? Siagi imepanda bei, kuku ametaga. Macho yangu si ya kusomea habari za jikoni."

"Basi nipe mimi nisome."

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Hujaolewa mpaka leo, na sababu ni huo mdomo."

Mashangazi wakacheka. Barua ikaingia kwenye sanduku la Biblia, na ufunguo ukarudi mfukoni mwa mzee.

Baada ya wiki tano ikaja nyingine. Katikati yake, baada ya tandiko jipya na kabla ya sifa za hakimu, daktari aliandika: "Mtoto wangu Lenie amefariki kwa maradhi ya koo, ambayo hayakuwa ya kuambukiza."

Hester aliinuka, akatia mkono mfukoni mwa baba yake bila kuomba, akafungua sanduku. Akaichukua ile barua ya wiki tano nyuma, akaigeuza, akasoma kwa sauti.

"'Dondakoo limeingia nyumba tatu. Izak anasema ni mapichi mabichi waliyokula watoto, kwa kuwa ameshatangaza gazetini kwamba mji ni mzima. Baba, leta gari la farasi kabla ya Pasaka umchukue Lenie. Hapa hakuna atakayenipa farasi bila ruhusa ya daktari. Nakupigia magoti.'"

Pasaka ilikuwa imepita wiki mbili.

"Kuku ametaga, Baba," Hester alisema.

Kesho yake alifunga farasi mwenyewe, akavuka nyika kame ya Karoo kwa siku tisa, akarudi na Aletta aliyekonda, akiwa na kikapu kimoja. Mzee hakusoma tena barua yoyote kwa sauti. Izak hakuuliza mkewe alikokwenda. Aliendelea kuandika: kwamba mji unampenda, kwamba wanataka kumchongea sanamu, kwamba kahawa siku hizi inapikwa vibaya. Barua zile za mwisho ni safi na rahisi kusoma. Hakuna aliyeandika juu ya mistari yake.

Zote ninazo mimi, niliye wa ukoo wa mdogo wao Izak na Hester. Sanamu haikuchongwa. Daktari amezikwa Doringkloof, nyuma ya kanisa, safu ya pili, hatua nne kutoka kwa Lenie.