Kipande cha Kugusia

Jirani yangu, fundi rangi hapa Ujiji, hupulizia rangi nzito ya mpira, ile inayowekwa ndani ya bodi ya pikapu ili mizigo isiichubue. Siku hizi watu wanaitaka hata kwenye bampa na matao ya matairi, palipopauka kwa jua. Ikikauka huwa na vipele kama ngozi ya kenge, na kila anayepita hutaka kuishika. Kwa hiyo kila akipulizia gari, hupulizia pia kipande cha bampa kilichovunjika, akakitundika uzioni. "Gusa hiki," husema kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

Jana jioni Mama Leonia alikuja kuangalia pikapu yake ya dagaa, iliyokuwa imetoka kupuliziwa, ambayo leo ingempeleka bintiye Leonia kwa wakwe, kijijini Simbo. "Sitaki waseme nimemleta mwari kwa gari lililopauka," alisema, mkono tayari umeelekea kwenye bampa. Fundi aliushika taratibu, akaupeleka uzioni. "Mama, hata bwana harusi akija, ataanzia hapa." Mama akacheka, akagusa, akaondoka na kidole cheusi. Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia, asinione dirishani. Akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akaweka kidole kimoja kwenye rangi mbichi, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Asubuhi hii pikapu imepita ikipiga honi, nyeusi tii, na nimeitafuta ile alama. Ipo, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mkwe atakayeinama.