Wastani wa Mzee Asbir

Nasema mapema: kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepeleka fizikia mahali ambapo haikuitwa.

Mzee Asbir Rai alikuwa mpagazi. Kwa miaka arobaini alipandisha mizigo ya watu kutoka darajani hadi kijijini kwetu, hapa milimani Khotang, kikapu mgongoni na ukanda wa kukishikilia kwenye kipaji cha uso. Mkewe alishafariki, na binti yake yuko Malesia, hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Jioni mzee alikula ugali wake wa mtama akitazama ukuta. Ndiyo maana aliipenda njia. Huko walikuwapo wapagazi wenzake wanne, vijana wenye midomo, na kutaniana nao ndiyo yaliyokuwa maongezi yake ya siku nzima.

Tatizo lilikuwa fimbo. Kila hatua arobaini hivi, mzee aliegemeza kikapu juu ya fimbo yake fupi yenye kichwa kipana, akasimama vilevile na mzigo, akatoa pumzi kwa mluzi mrefu, kisha akaendelea. Vijana walipanda mbio hadi kwenye mawe ya kupumzikia, wakatua, wakajinywea chai. Mzee alipowafikia alipiga funda moja akatangulia, nao wakampita tena mbele ya safari.

"Babu, umeota mizizi?" Dhiren, mkali wao, alikuwa akimpigia kelele kutoka juu.

"Heri mizizi! Wewe una miguu ya mbuzi na akili yake pia!"

Walicheka wote, na mzee akiwashinda kwa kucheka.

Basi ikaja saruji ya darasa letu jipya. Lokman, msimamizi wa ujenzi, alikaa kwenye mawe ya kwanza kabisa, akamwona mzee akifika wa mwisho. Hakungoja zaidi.

"Mzee, kesho usije. Nataka watu wa kutembea, si wa kusimama."

Jioni hiyo mzee alinijia mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, nisemee. Nikikaa nyumbani nitaongea na nani? Na kuku?"

Nilipandwa na hasira. Na nikiri, mimi ni mtu wa kupenda kushinda. Nikamwomba Lokman siku moja tu. Kesho yake nikapima kila mfuko: kilo hamsini. Mlima, mita mia tisa kwenda juu. Nikaandika saa ya kila mmoja kuondoka darajani na saa ya kufika shuleni, kisha nikamburuta Lokman hadi ubaoni, wapagazi na wanafunzi wakitazama.

"Umemtazama Dhiren anapokimbia, ukamtazama mzee anaposimama," nikamwambia. "Nguvu ya wastani haipimwi hivyo. Chukua kazi yote, igawe kwa muda wote. Chai imo humo, na kusimama kumo humo."

Dhiren alitumia muda wa saa tano na dakika arobaini: wati ishirini na moja na ushei. Mzee, muda wa saa tano kamili: wati ishirini na nne na nusu.

"Lo! Dhiren kapigwa na babu!" Darasa likalipuka. Dhiren mwenyewe akamkumbatia mzee, na mzee akachekelea hadi machozi.

Lokman akaigonga namba ya mzee ubaoni kwa kidole. "Kumbe nina dhahabu," akasema. "Sasa kwa nini acheleweshwe na hawa wanywa chai? Kuanzia kesho atatangulia alfajiri, peke yake, kwa njia ya mkato. Apige safari mbili kwa siku."

Mzee alifungua mdomo. Akamtazama Dhiren, akanitazama mimi, akaufunga. Kwetu, mtu akisifiwa mbele za watu hakatai. Angekuwa amemvunjia heshima aliyemsifu. Nami nililijua hilo, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Wiki ya pili nilimkuta langoni pa shule kabla ya kengele ya chakula cha mchana, ameshatua mfuko wa kwanza.

"Hongera, mzee. Hakuna wa kukufikia."

"Hakuna," akasema. Alikuwa akiigeuzageuza fimbo mkononi. "Zamani nikisimama, nilikuwa nawasikia wananitukana kule juu. Sasa nikisimama nasikia mto tu. Kwa hiyo sisimami sana."

Nilitaka kusema pole. Badala yake nikauburuta mfuko wake ndani ya lango.

"Wastani wangu umepanda, mwalimu?"

"Umepanda, mzee."

"Haya." Akavaa ukanda wake kipajini, akashuka kufuata mfuko wa pili.