Kila Uso Ulitoka na Pua ya Mzee

Mume wangu ni fundi bomba. Jioni ile aliondoka na sanduku lake la spana kwenda kuziba bomba lililopasuka kwenye kituo kidogo cha polisi, kazi ya nusu saa tu, akasema nisimfunikie chakula kwa kuwa kitakuwa bado cha moto akirudi. Chakula kikapoa. Majirani wakazima taa zao. Simu yake ikawa haipatikani.

Mimi nikishikwa na wasiwasi hukunja nguo. Nilikunja zilizofuliwa, nikakunja na zilizokwisha kukunjwa, kisha nikakunjua shuka la kitandani ili nipate la kukunja. Mwanangu yeye alikuwa mezani, ameinamia tableti yake, anachora.

"Baba yako hajarudi, na wewe unachora?"

"Nikiacha, na mimi nitaanza kukunja nguo, mama."

Nikachungulia. Alikuwa amechora kuku. Nikamtazama yule kuku, naye akanitazama kwa macho ya mume wangu. Nikarudi kwenye shuka, nikajiambia ni hofu tu.

Mwanangu ni mpiga pasi kwa dobi. Mtu mzima, kazi yake ni mvuke na kola za mashati ya watu kutwa nzima. Ile tableti aliinunua kuukuu pamoja na kalamu yake, akaanza kujifunza kuchora jioni kwa video za binti mmoja anayesema haraka kama anafukuzwa. Yule binti alifundisha hivi: weka picha ya mtu chini, juu yake tandika tabaka tupu, kama vile unavyotandika nailoni juu ya meza, halafu fuatisha mistari mpaka mkono uzoee. Ukizoea, ficha ile picha, uchore mwenyewe.

Nyumbani kwetu picha isiyo na kasoro ni moja tu, ile ndogo ya kitambulisho ya baba yake, ya enzi za masharubu. Katika nyingine zote kuna mtu amefumba macho. Basi kila jioni akawa anamfuatisha baba yake. Pua ya mume wangu iliwahi kupigwa na bomba ujanani. Inaanza kwenda kushoto, halafu inaghairi. Mwanangu aliifuatisha pua ile mpaka akawa anaichora bila kuangalia.

Na mambo mengine yakamwingia mwilini. Kwenye tableti ukikosea, unagonga kwa vidole viwili na kosa linafutika. Siku moja aliunguza shati la mteja, akasimama analigonga kwa vidole viwili huku moshi unatoka. Dobi alinipigia simu kuniuliza kama kwetu kuna ugonjwa.

Alfajiri simu ikalia. Alikuwa koplo wa kituoni.

"Mama, fundi yuko kwetu. Ondoa shaka, amekamatwa."

Tukaenda mbio, mimi na mwanangu, yeye na tableti kwapani. Bomba lilikuwa bado linavuja, limewekewa ndoo. Juu ya ndoo, ukutani, palibandikwa karatasi: ANATAFUTWA, MWIZI WA SANAMU. Chini ya maneno hayo alikuwa amechorwa mume wangu, na masharubu aliyonyoa zamani.

Habari za sanamu nilizijua. Mshonaji wa jirani na dobi aliibiwa sanamu lake la kuvalishia nguo, mchana kweupe, likiwa na gauni la harusi la mteja. Mwanangu ndiye aliyemwona mwizi akipita nalo kwapani.

"Mzee aliziba nusu ya bomba," koplo akasema, "akasimama hapo kupumzika. Akaitazama picha, akasema, 'Huyu mtu namfahamu mahali.' Tukamuuliza, wapi? Akaanza kufikiri. Kadiri anavyofikiri, ndivyo na sisi tulivyozidi kumtazama."

"Lakini mume wangu hana masharubu!"

"Ndiyo hivyo, mama. Amenyoa ili tusimtambue."

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa amebadilika rangi kama nguo iliyotiwa dawa ya kung'arisha.

"Mama, mimi ndiye niliyewachorea. Nilitaka iwe siri mpaka mwizi apatikane."

"Mwizi mwenyewe alikuwaje?"

"Mfupi, mnene, mashavu hivi. Alinisalimia, nikaitikia."

"Sasa hii pua?"

"Kalamu ilikwenda yenyewe."

Akamwambia koplo kwamba amekosea, baba yake siye. Koplo akatikisa kichwa. Shahidi akigeuza maneno kwa sababu mshtakiwa ni baba yake, alisema, hilo nalo ni kosa. Gari la kituo kikuu lilikuwa njiani kuja kumchukua mzee, na huko hakuna wa kumsikiliza mpaka wiki ijayo.

Nikamkumbuka yule kuku.

"Afande," nikasema, "mwambie akuchore wewe."

Koplo alikuwa amechoka, lakini nani hapendi kuchorwa? Akavaa kofia, akavuta tumbo ndani. Mwanangu akachora, jasho linamtoka. Alipogeuza tableti, tulimwona mume wangu ndani ya sare.

Koplo akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu," akauliza, "amepewa cheo lini?"

Mshonaji, aliyekuja kuulizia sanamu lake, akasema naye achorwe. Akatoka mume wangu mwenye hereni.

"Mungu wangu!" mshonaji akacheka mpaka akashika meza. "Dada, nisamehe, lakini mumeo hereni zimempendeza!"

"Chora sanamu," koplo akaamuru.

"Sanamu langu halina uso, afande. Ni shingo na mabega."

"Achore tu."

Akachora shingo, akachora mabega, kisha kalamu ikapanda juu peke yake, ikaenda kushoto, ikaghairi. Koplo akabandua karatasi ukutani. "Kwa picha hii," akasema, "ningejikamata na mimi."

Mahabusu kulikuwa kumejaa maji, kwa hiyo mzee alifungiwa stoo ya karatasi. Koplo akatoa kufuli, akasukuma. Mlango haukutikisika. Mume wangu alikuwa ameutia komeo kwa ndani.

"Mzee, uko huru. Toka."

"Sitoki. Nimewasikia mkiicheka pua yangu."

"Baba Mdogo wa Bomba," nikamwita kwa jina lake la utani, labda atalainika, "gari linakuja. Wakikukuta humo watakuchukua. Hawajui kama umeachiwa."

"Waje. Huko hawanichori."

Mwanangu akasogea mlangoni. "Baba, nisamehe."

"Tangu ununue hicho kitu, kila jioni unakaa mbele yangu unainamia picha yangu. Na mimi mwenyewe niko hapo hapo, nakunywa chai!"

"Wewe hutulii, baba. Picha inatulia."

"Haya, niambie. Jino langu la mbele liko wapi?"

"Si kinywani, baba?"

Nikafumba macho. Jino lile lilikuwa limeng'oka tangu mvua zianze, na kwenye kitambulisho mume wangu amefunga mdomo.

Tukasikia matone yakidondoka kwenye ndoo. Koplo alichungulia dirishani, barabarani kulikuwa na vumbi la gari. Sikujua kama ndilo.

"Fungua basi nikuangalie," mwanangu akasema.

"Bila picha?"

"Picha naifuta sasa hivi." Akaifuta, koplo akashuhudia kwa sauti: "Imefutwa!"

"Na pua?"

"Nitaichora kama ilivyo."

"Nani amesema kama ilivyo? Punguza kidogo."

"Nitapunguza, baba."

"Mwahidi afande."

"Afande, nitapunguza."

"Amepunguza, mzee!" koplo akapiga kelele. "Toka, gari linakata kona!"

Komeo likakwaruza. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja, na mume wangu akajitokeza kwa ubavu, ametanguliza shavu la kulia, kidevu juu.

"Upande huu," akasema. "Na wewe afande, usinizibie mwanga."