Mnazi wa Bibi na Kalamu ya Karani

Nilikuwapo mwenyewe barazani kwa liwali, mstari wa mbele, na kama yuko Bagamoyo aliyeona zaidi yangu, ajitokeze. Bibi mmoja wa Mkange alikuwa akigombania mnazi mmoja na jirani yake, aliyenunua shamba lote akasema na mnazi umo.

Karani akachovya kalamu. “Bibi, niandike unadai mnazi ni wako?”

“Sidai, mwanangu. Anayedai hana. Mimi ninao.”

“Basi unasisitiza?”

“Nimesema mara moja tu.”

“Unabisha?”

“Anayebisha yule pale,” akamwonyesha jirani kwa kidevu.

Jirani akasimama. “Mimi niandike nadai, nasisitiza na nabisha, yote matatu.”

Watu wakacheka. Karani akafuta alichoandika, akaandika tena, akafuta tena. Hata liwali alichanganyikiwa. “Bibi, unataka tuandike nini?”

“Andikeni kwamba kitovu cha mwanangu kimezikwa chini yake.”

Jirani akavua kofia, akaikodolea macho ndani. “Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa ukidai. Hukuniuliza.”

Jirani akamrudishia bibi mnazi wake pale pale. Lakini karani bado alikuwa akitafuta neno la kumwandikia bibi, akanigeukia mimi, kwa kuwa usomi wangu, ijapokuwa uliishia darasa la pili, unajulikana. Nikamwambia, “Andika, bibi anajua.”

Hapo pa kunigeukia nimepatunga. Karani aliacha nafasi wazi kitabuni, na neno lile mimi nimelipata juzi tu, nikioga.