Mhuri wa Karani

Tangazo lisilo na mhuri halikusomwa kanisani, hata likiwa la msiba. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika karani wa parokia kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya kugonga mhuri aliupulizia pumzi mara mbili, kwa uchaji, kama anayefufua maiti. Siku moja akaja Melania, mwanafunzi aliyekimbia Burundi kupitia kijiji cha mpakani cha Kagunga, na karatasi yenye majina kumi na moja ya wenzake waliokamatwa kwa kuandamana. Aliomba waombewe kwa majina, maana kwao hakuna aliyethubutu kuyataja.

“Mhuri wa parokia yenu uko wapi, binti? Bila huo siwezi kugonga wangu.”

“Mzee, waliotupiga risasi hawakutuomba mhuri.”

Karani alivitazama vidole vyake vyenye wino, akacheka bila furaha. “Yesu mwenyewe angefika hapa bila barua, ningemwambia arudi kesho.” Akaupulizia mhuri mara mbili, akagonga. Jumapili aliyasoma majina yote polepole, na waumini wakasimama bila kuambiwa.

Jumatatu kamati ya parokia, kwa kuwaogopa wakubwa wa serikali, ilimvua ukarani na kuuchukua mhuri.