Taa ya Udongo wa Yerusalemu

Zamani, Hekalu likingali limesimama, Shapira alikuwa mfinyanzi wa taa katika kijiji kimoja cha Galilaya. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Hilo mama mkwe wake, Yokana, hakumsamehe kamwe. Miaka sita Shapira alimwogesha na kumlisha mkate wa kuchovya mafutani, naye Yokana, huku akitafuna, husema udongo wa Galilaya unanuka zizi, na kwamba Sabato ya kweli huwashiwa taa ya Yerusalemu.

Alipohisi siku zake zimekwisha, Yokana akatoa ahadi. Shapira akimletea taa ya mji mtakatifu, afe ikiwaka ubavuni pake, atatamka mbele ya mashahidi kuwa nyumba na tanuri ni vyake. La sivyo, vyote ni vya Menahemu, mwanawe aliyebaki. Shapira akauza shela lake la arusi, akanunua taa kwa mchuuzi, yuleyule aliyekuwa akinunua taa za Shapira kwa jumla kila mavuno ya zeituni. Akapewa imeshonewa guniani.

Mashahidi wakaja. Shapira akafumua gunia, akatia mafuta, akawasha utambi. Ndipo alipoona mdomo wa taa: alama za kisu cha mfinyanzi zimelalia upande wa kushoto. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Yokana akaipapasa. “Mnaona? Huu ndio mkono wa mtu anayemcha Mungu. Si wewe, mashoto, unayeparura udongo kama kuku.”

Mashahidi wakacheka.

“Haya, mwanangu, apa kwa Hekalu kuwa imetoka Yerusalemu, nami nitamke.”

Yokana hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Shapira akainama.

“Siwezi kuapa, mama. Nimeifinyanga mimi.”

Yokana akaisukuma taa kando. “Zima,” akasema. Nyumba akampa Menahemu, na siku ya tatu akafa, amegeukia ukuta, amekataa hata maji ya mkono ule.

Mazikoni Menahemu alitangulia kuingia pango la kaburi na taa ileile. Aliwaambia waombolezaji kuwa ni ya Yerusalemu, nao wakamsifu kwa kumheshimu mzazi. Shapira alisimama nje na wanawake, kisu chake cha ufinyanzi kiunoni, kitu pekee alichoruhusiwa kutoka nacho nyumbani. Jirani akamgusa bega.

“Tazama inavyowaka bila moshi, shoga. Ungejua kufinyanga hivyo, ungefukuzwa wewe?”